Vinyago vya Mababu Mnadani

Sanaa ya jadi ya Afrika huuzwa mnadani mbali na Afrika. Sanamu za mizimu, vinyago vya ngoma, viti vya machifu na fimbo za waganga hubadilisha wamiliki Paris, Brussels na New York, mbele ya watu walioshika vibao vya namba ukumbini na wengine wanaosikiliza kwenye simu. Kampuni mbili kubwa zaidi ni Sotheby's na Christie's. Zipo pia Bonhams ya London, Lempertz ya Ujerumani yenye ofisi Brussels, na jumba la Drouot la Paris ambamo madalali mbalimbali hukodi kumbi. Paris imeitangulia miji mingine kwa sababu ilikuwa makao makuu ya dola iliyotawala sehemu kubwa ya Afrika Magharibi na ya Kati, na wafanyabiashara wake walianza kununua na kuuza vitu hivi zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Si kila kinyago kinapokelewa huko. Vinyago vya mpingo vinavyochongwa Mwenge, Dar es Salaam, kwa ajili ya wageni havina nafasi, hata viwe vimechongwa kwa ustadi wa namna gani. Soko hili linatafuta kitu kilichochongwa ili kitumike: kivaliwe wakati wa jando, kilinde kasha la mifupa ya wahenga, kisimamishwe kwa heshima ya marehemu, au kikaliwe na chifu. Tena kiwe kimetumika kweli. Mtaalamu akikishika kinyago hukigeuza kwanza akatazama ndani. Anatafuta mahali palipolainika kwa kuguswa na paji la uso na mashavu ya mchezaji. Anakagua matundu ya pembeni yalikopitishwa kamba, kwani kamba iliyovutwa miaka mingi hula tundu upande mmoja. Jasho, mafuta na masizi yanatakiwa yawe yamezama ndani ya mti, si yamepakwa juu yake. Utando huo wa uzee huitwa patina, na thamani yote ya kitu inaweza kusimama au kuanguka juu yake.

Vitu hivi viliondoka nyumbani kwa njia nyingi, na si zote zilikuwa za wizi. Wapo wachongaji waliouza kwa hiari yao, na wapo machifu waliomzawadia mgeni waliyetaka urafiki wake. Lakini sehemu kubwa iliondoka wakati ambapo aliyeombwa kuuza hakuwa na nguvu ya kukataa. Mwaka 1897 jeshi la Uingereza liliuteketeza Mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, likamwondoa Oba Ovonramwen madarakani na kumpeleka uhamishoni Calabar, likabeba maelfu ya kazi za shaba na pembe za ndovu zilizokuwa katika kasri lake. Haukupita muda mrefu kabla ya baadhi yake kunadiwa London katika ukumbi wa Stevens. Maofisa wa Kijerumani, Kifaransa na Kibelgiji nao walirudi kwao na masanduku. Wamisionari walikusanya sanamu ambazo waumini wapya waliambiwa waachane nazo. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zikasafirishwa Ulaya. Mashariki mwa Kongo, serikali ya Kibelgiji ilikipiga marufuku chama cha bwami cha Warega. Vinyago vidogo na sanamu za pembe ambazo wazee wa chama walikuwa wakizipaka mafuta na kuzirithisha kwa vyeo vikakosa pa kurithishwa, na vingi vikaishia mikononi mwa wanunuzi. Leo vile vya pembe za ndovu vimekuwa vigumu kuuzwa, si kwa sababu ya historia hiyo, bali kwa sababu ya sheria za kuwalinda tembo.

Ulaya haikuviona vitu hivi kuwa sanaa tangu siku ya kwanza. Kwa miaka mingi vilirundikwa katika majumba ya makumbusho ya makabila pamoja na mishale na vibuyu. Mabadiliko yaliletwa na wachoraji. Picasso aliingia katika makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907, akatoka na mawazo yaliyogeuza uchoraji wa karne nzima. Wafanyabiashara kama Paul Guillaume na baadaye Charles Ratton wakaanza kuvipanga vinyago dukani kama kazi za sanaa, na watu wenye fedha wakaanza kuvikusanya. Makusanyo hayo ya watu binafsi ndiyo yanayolisha minada hadi leo. Mkusanyaji hufariki, warithi wakashindwa kugawana sanamu moja kati ya watu watatu, kodi ya mirathi ikadai sehemu yake, na dalali akapigiwa simu. Wengine huuza wakiwa hai kwa sababu ya ukata: washairi André Breton na Paul Éluard waliuza vitu vyao zaidi ya 300 vya Afrika, Amerika na visiwa vya Pasifiki katika jumba la Drouot mwezi Julai 1931, katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi.

Baada ya hapo kuna minada michache ambayo kila mtu wa biashara hii anaikumbuka kwa jina la aliyekusanya. Mwaka 1966 uliuzwa New York mkusanyiko wa Helena Rubinstein, mama aliyetajirika kwa vipodozi. Juni 2006 ukauzwa Paris mkusanyiko wa familia ya Vérité, uliofikia takriban euro milioni 44 kwa siku mbili. Novemba 2014 Sotheby's ya New York iliuza mkusanyiko wa Mmarekani Myron Kunin. Humo sanamu moja ya mwanamke ya Wasenufo wa Afrika Magharibi ilifikia zaidi ya dola milioni 12, bei ambayo hakuna sanamu ya jadi ya Afrika iliyokuwa imewahi kuifikia mnadani. Machi 2024 Christie's ya Paris ikapata zaidi ya euro milioni 70 kwa vitu vya Afrika na Pasifiki vya familia ya Barbier-Mueller ya Geneva.

Safari ya sanamu moja inaonyesha bei hizi zinavyojengwa. Watu wa Bangwa, katika nyanda za juu za magharibi mwa Kamerun, walichonga sanamu ya mwanamke anayecheza: magoti yamekunjwa, kichwa kimeinuka, mdomo wazi kama anaimba, kifundo cha mguu kimevikwa pete, mkononi ameshika njuga. Wao walizitunza sanamu za namna hiyo pamoja na za watawala wao, na mwanamke huyu alikuwa mtu wa heshima kwao. Gustav Conrau, wakala wa Kijerumani, aliiondoa miaka ya mwisho ya karne ya 19, ikaingia makumbusho ya Berlin. Makumbusho hayo yakaitoa kwa mfanyabiashara, ikafika kwa Ratton Paris, kisha kwa Rubinstein. Mpigapicha Man Ray aliipiga picha, na mwaka 1935 ikaoneshwa katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Mnada wa mwaka 1966 uliiuza kwa dola 29,000. Mwaka 1990, aliyeinunua naye alipokuwa amefariki, ikauzwa tena New York kwa takriban dola milioni 3.4 na kwenda kwa taasisi ya Dapper ya Paris. Mti ni uleule na mikono iliyouchonga ni ileile. Kilichoongezeka katika miaka hiyo 24 ni sifa ya wale walioimiliki, na idadi ya matajiri waliotamani kuingia katika orodha yao.

Mnada wenyewe huanza miezi kadhaa kabla ya siku ya kuuza. Mwenye mali hutia saini mkataba na kampuni, ambayo hukipima kitu, hukipiga picha na kukiandikia maelezo katika katalogi. Humo huwekwa makadirio ya bei, ya chini na ya juu. Pamoja na makadirio hayo ya wazi kuna kiwango cha mwisho anachokubali muuzaji, ambacho hubaki siri kati yake na dalali. Bei isipofika hapo, kitu hakiuzwi, na kitu kilichokosa mnunuzi hadharani hubaki na doa kwa miaka. Kwa siku kadhaa vitu hupangwa ukumbini, na yeyote anayetaka anaruhusiwa kuingia, kuvigeuza na kuvimulika kwa kurunzi. Siku ya mnada, dalali hupandisha dau kwa hatua zilizopangwa, akipokea vibao vya ukumbini, simu na intaneti, hadi anapogonga nyundo. Ufaransa kuna jambo la ziada: nyundo ikishagongwa, ofisa wa serikali anaweza kusimama na kutamka kwamba taifa linakichukua kitu hicho kwa bei ileile, na mnunuzi hana la kufanya.

Bei iliyogongewa nyundo siyo anayolipa mnunuzi, wala siyo anayopata muuzaji. Kampuni humtoza mnunuzi ada juu ya bei, mara nyingi karibu robo yake, na mara nyingi humkata muuzaji pia. Kwa hiyo kinyago kilichouzwa kwa euro milioni 4.2 huko Montpellier mwaka 2022 kilimgharimu mnunuzi euro milioni 5.25. Gazeti moja likiandika bei ya kwanza na jingine ya pili, yote mawili yamesema kweli.

Kinachopandisha bei kuliko uzuri ni historia ya umiliki. Chini ya picha ya kila kitu katalogi huorodhesha waliokishika mmoja baada ya mwingine, pamoja na maonyesho kilimopita na vitabu kilimochapishwa. Hata kitako kina maneno yake. Mapema karne ya 20 aliishi Paris fundi wa Kijapani, Kichizo Inagaki, aliyewachongea wafanyabiashara wakubwa vitako vya mbao vya kusimamishia sanamu, akiviwekea muhuri wake. Mtaalamu akiona muhuri huo huchangamka, kwa sababu ni ushahidi kwamba kitu kilikuwa Paris kabla ya wimbi kubwa la vitu vya kughushi.

Tatizo la orodha hiyo ni mahali inapoanzia. Mstari wa kwanza kwa kawaida humtaja ofisa wa kikoloni, mmisionari au mfanyabiashara, pamoja na mwaka alioondoka nacho. Ukoo uliokitunza kabla yake, mtu aliyekirithi kutoka kwa nani, kilivyoachwa au kilivyochukuliwa: hayo hayaandikwi. Katalogi inamfahamu fundi wa kitako kwa jina na muhuri, lakini kuhusu fundi wa sanamu inaandika jina la kabila tu. Hili halikutokana na Afrika kuwasahau mafundi wake. Aliyekinunua kitu hakuuliza. Pale watafiti walipouliza, majina yalipatikana. Mtaalamu wa Kibelgiji Frans Olbrechts aligundua kwamba viti na sanamu kadhaa za Waluba zenye nyuso ndefu za huzuni, zilizotawanyika katika makumbusho ya Ulaya, zilitoka katika mkono mmoja au karakana moja. Mchongaji huyo akaitwa Fundi wa Buli, kwa jina la kijiji cha mashariki mwa Kongo, na utafiti wa baadaye ukamhusisha na Ngongo ya Chintu. Leo kazi zake ni kati ya zile zinazogombewa zaidi, na ni haki yake.

Bei kubwa huzaa vitu vya kughushi, na idadi yake ni kubwa. Mafundi wa kughushi hukianika kinyago kipya juu ya moshi wa jikoni, hukifukia penye mchwa, hukipaka mafuta ya mawese na udongo, au huwapa vijana wakicheze ngoma. Vipimo vya maabara havitoi jibu kila mara. Kipimo cha kaboni hakiwezi kutofautisha vizuri mti wa mwaka 1700 na wa mwaka 1900, na fundi mjanja huchonga kutoka kwenye mti wa zamani. Udongo uliochomwa hupimika vizuri zaidi, ila sanamu za udongo za Nok na za Djenné zina shida nyingine: nyingi zilifukuliwa kwa wizi ardhini, na mwaka 2000 Baraza la Kimataifa la Makumbusho liliziweka katika orodha nyekundu ya vitu vya Afrika vilivyo hatarini. Ndiyo maana picha ya zamani au daftari la makumbusho huaminiwa kuliko maabara.

Katika miaka ya karibuni watu wa jamii vilikotoka vitu hivi wameanza kusikika ndani ya kumbi hizi. Desemba 2010 Sotheby's ilitangaza kwamba ingeuza London kinyago cha pembe za ndovu chenye sura ya Idia, mama yake Oba Esigie wa Benin, kwa makadirio ya pauni milioni 3.5 hadi 4.5. Wauzaji walikuwa warithi wa Lionel Galway, ofisa wa Kiingereza aliyeshiriki katika uvamizi wa 1897. Kinyago kinachofanana na hicho kipo British Museum, na sura yake ndiyo iliyokuwa nembo ya tamasha la FESTAC la Lagos mwaka 1977, kwa hiyo Wanigeria hawakuhitaji kuelezwa ni nini. Malalamiko yalimiminika, na kabla mwezi haujaisha kinyago kikaondolewa mnadani. Juni 2020 mambo yalikwenda vingine. Christie's ya Paris ilikuwa ikiuza jozi ya sanamu za Waigbo, na Chika Okeke-Agulu, profesa wa historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Princeton, alieleza kwamba ziliondolewa katika miaka ya vita vya Biafra nchini Nigeria, vilivyodumu kuanzia 1967 hadi 1970, watu wa eneo hilo wakifa kwa njaa na risasi. Kampuni ilishikilia kwamba uuzaji ni halali. Sanamu zikauzwa kwa euro 212,500, chini ya makadirio, jambo linaloonyesha kwamba hata wanunuzi walisita.

Kesi ya Montpellier inastahili kuelezwa kwa urefu zaidi. Wazee wawili, mume na mke, walikuwa wakisafisha nyumba yao kusini mwa Ufaransa mwaka 2021. Darini mlikuwa na vitu vya babu yake mume, aliyewahi kuwa gavana wa kikoloni, na miongoni mwavyo kinyago kirefu cha mti mwepesi kilichopakwa udongo mweupe. Wakamuuzia muuza vitu vikuukuu kwa euro 150. Kilikuwa kinyago cha Ngil cha Wafang wa Gabon. Ngil ilikuwa jamii ya siri iliyosimamia haki: waliovaa vinyago hivyo waliingia kijijini usiku kwa mienge kuwasaka wachawi na wahalifu, na wakoloni wa Kifaransa waliivunja mwanzoni mwa karne ya 20. Vinyago vya namna hiyo vinavyojulikana duniani havizidi dazeni moja na kidogo. Cha Montpellier kilikadiriwa euro 300,000 hadi 400,000. Kikapanda hadi milioni 4.2. Ndani ya ukumbi walikuwamo Wagabon waliosimama na kusema kwa sauti kwamba hiyo ni mali ya wizi wa kikoloni.

Wale wazee walijua thamani ya walichouza kwa kusoma gazeti. Wakashtaki, na serikali ya Gabon ikaingia katika kesi ikidai kwamba kinyago kirudi kwao. Desemba 2023 mahakama ya Alès ilizikataa hoja zote mbili: wazee walikuwa wazembe kwa kuuza bila kuuliza, na dai la Gabon halikukubaliwa. Umma wa Ufaransa ulijadili zaidi kama wazee walidhulumiwa. Swali la Gabon, yaani gavana alikipataje kinyago cha jamii ambayo serikali yake mwenyewe ilikuwa ikiivunja, ndilo zito zaidi, na ndilo lililopewa nafasi ndogo kuliko yote.

Sheria inaeleza kwa nini. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unazuia biashara haramu ya mali za utamaduni, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 1977, lakini haurudi nyuma: kilichoondoka wakati wa ukoloni hakiguswi. Katika nchi nyingi za Ulaya, aliyenunua kwa nia njema hulindwa, na anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha wizi. Ufaransa ilirudisha vitu 26 vya ufalme wa Abomey kwa Jamhuri ya Benin mwaka 2021, lakini hivyo vilikuwa mali ya serikali na sheria maalumu ilitungwa kwa ajili yake. Mali iliyo sebuleni mwa mtu binafsi serikali haiwezi kuirudisha kwa namna hiyo. Ndiyo maana Sindika Dokolo, mfanyabiashara wa Kikongo aliyefariki mwaka 2020, alichagua kuwafuata wenye nazo mmoja mmoja. Alitafuta vinyago vya Wachokwe vilivyotoweka katika makumbusho ya Dundo, Angola, wakati wa vita, akawapa waliovishika chaguo: wapokee fedha walizolipia, au wakutane mahakamani. Kadhaa vilirudi.

Tanzania ina kisa chake. Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaondoka na vinyago na vitu vingine. Mwaka uliofuata makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalinunua Paris kinyago cha Kimakonde, cha aina inayovaliwa kichwani wakati wa ngoma za jando. Mwaka 1990 mtafiti wa Kiitaliano, Enrico Castelli, alikitambua kuwa ni miongoni mwa vilivyoibwa. Ushahidi ulikuwa mikononi mwa Tanzania kwa sababu kitu kilikuwa kimesajiliwa. Hata hivyo ilichukua miaka 20 ya barua na vikao, chini ya UNESCO na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, hadi Mei 2010 mkataba uliposainiwa Paris. Na mkataba huo unasema kinyago kilitolewa kama zawadi. Mali iliyoibwa Dar es Salaam ikarudi Dar es Salaam kwa jina la hisani, na Tanzania ikaona ni afadhali kupokea kitu kuliko kushinda hoja.

Pwani ya Kenya ndiko hasara ilikoonekana kwa uwazi zaidi. Wamijikenda, hasa Wagiriama, huwasimamishia marehemu wa chama cha Gohu mbao ndefu ziitwazo vigango: mti mgumu, kichwa cha mviringo, mwili bapa uliochongwa pembetatu ndogondogo zilizopangwa kwa mistari. Kigango husimamishwa marehemu anapowatokea jamaa zake ndotoni au msiba unapoandama nyumba, na kikishachimbiwa ardhini hakiondolewi. Ukoo ukihama, chenyewe hubaki. Hiyo ndiyo ikawa nafuu ya wezi. Kuanzia miaka ya 1970 vijana walikuwa wakiving'oa usiku na kuviuza kwa bei ndogo kwenye maduka ya vitu vya watalii, navyo vikasafirishwa Marekani. Vikawa pambo katika nyumba za matajiri, wakiwamo waigizaji wa Hollywood, na baadhi yao wakavitoa zawadi kwa makumbusho. Familia zilizoibiwa zilihesabu maradhi, ukame na vifo vilivyofuata kuwa ni hasira ya waliong'olewa.

Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanazuoni wa mambo ya Afrika, mwenzake Linda Giles alionyesha slaidi za vigango vilivyomo katika makumbusho moja ya Illinois, na Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kilipatikana Virginia, katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Kwa kuwa na picha mkononi hakukuwa na la kubishania: mwaka 2006 Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalikubali kurudisha cha kwanza, cha Hampton kikafuata, na familia ikavipokea kwa sherehe kijijini. Watafiti hao wawili waliendelea kusaka, wakakuta vigango vinavyohesabika kwa mamia katika makumbusho mbalimbali ya Marekani.

Makumbusho ya Denver yalitangaza mwaka 2014 kwamba yatarudisha vigango 30 ambavyo yalikuwa yamepewa na wakusanyaji. Vilifika Kenya mwaka 2019. Hakuna aliyekuwa amevipiga picha vikiwa vimesimama, na maduka yaliyoviuza hayakuandika vimetoka kijiji gani wala ni vya nani. Kwa hiyo havikuwa na familia ya kukabidhiwa, na vikaingia chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.